Filimbi ya Mkono wa Yusra

Jumanne, 5 Agosti 2025

Leo nimezunguka Mji Mkongwe na mwanangu Yusra kutafuta filimbi ya mbao. Ile aliyojifunzia ni ya darasani, imerudishwa. Hawezi kwenda nayo Muscat kwa baba yake. Mwaka mmoja tu, alisema Hamid — asome kule, amzoee na mke wake mpya. Mimi ndiye wa zamani, aliyeachwa. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakaafiki, nami nikaitikia. Mwaka si mwingi. Najiambia hivyo kila nikipiga mswaki.

Maduka ya watalii yote ni mapambo. Filimbi ina twiga mgongoni lakini haina sauti! Muuzaji kanisemesha Kitaliano, mimi mzaliwa wa Malindi, mtaa wa hapahapa Mji Mkongwe. Nikamjibu Kiswahili kizito mpaka akaona haya. Yusra kacheka hadi akakaa barazani kwa watu. Kicheko hicho nitakikosa.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumempata fundi Ubwa. Kazi yake kukereza miguu ya vitanda. Filimbi hutengeneza akijisikia. Kampa Yusra moja ndefu, ya mpingo. Nzuri! Lakini kidole cha pete hakikufika tundu la chini. Kajinyoosha, kiganja kikapinda, tundu la juu likafunguka, pumzi ikavuja — ikatoka sauti ya mbuzi. Mtoto machozi yakamlenga.

Ubwa kauchukua mkono wake, kauweka juu ya kipande cha boksi, kauchora kwa penseli. "Usisikitike mwanangu. Matundu ndiyo yanayomfata mtu."

Kisha kanigeukia mimi. Anaweza kutengeneza ndogo, ya mfenesi, nyepesi, matundu yamekaribiana. Itamfaa sasa, ila vidole vikirefuka itambana. Au kubwa, ambayo ataisubiri miaka hadi mkono uifikie.

"Mtoto anarudi lini, Bi Nadra?"

Mwakani, nikasema.

"Basi ndogo. Akirudi mlete, ntamtengenezea nyengine."

Jumapili, 10 Agosti

Hamid kapiga simu kuzungumza na mtoto. Nikamweleza habari za filimbi, mazungumzo tu, nilitaka kujionyesha kidogo kwamba mambo yanakwenda. Tunachukua ndogo, nikasema, kwa mwaka mmoja inatosha.

Akanikatiza: "Mchukulie kubwa tu, Nadra. Huku hapana fundi wa kumbadilishia."

Atabadilishiwa hapa, akirudi, nikamwambia. Akasema tutazungumza. Tutazungumza! Namjua mtu huyu. Neno hilohilo alilisema kabla ya talaka.

Nikampigia Salhiya, dada yake, ambaye hatujawahi kugombana. Kavuta pumzi. Kumbe Yusra kaandikishwa shule mpaka amalize. Chumba kimepakwa rangi, kitanda kimenunuliwa. Wote wanajua ila mimi. "Nlidhani kakwambia," anasema.

Nimelia chooni, bomba nimelifungua ili mtoto asisikie. Moyo unaniuma hasa, si maneno, hapa chini ya titi.

Jumatano, 13 Agosti

Sijaenda kazini Tunguu. Nimekwenda kwa ami Jaku, aliyenisimamia kwenye kile kikao. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamkumbusha: Hamid alisema mwaka, na wewe ulikuwepo. Anasema mtoto ana baba yake, tiketi ishakatwa, na nisimtie Yusra simanzi kabla ya safari. Nikaiacha chai.

Jumamosi, 16 Agosti

Ubwa kapiga simu: miti yote miwili ishakerezwa, wa ndogo na wa kubwa, pengine nimegeuza nia; hajatoboa. Akishatoboa hapana kurudi nyuma. Nimekwenda peke yangu. Nimemweleza yote — kwa nini yeye, sijui. Namshukuru hakunipa nasaha. Kauliza tu, ndogo au kubwa?

Kubwa ndiyo ya akili. Atakua nayo. Lakini nikimpa kubwa ni kama nimemwambia Hamid: haya, sawa, mchukue moja kwa moja. Na mwanangu atafika ugenini, hana mtu, kashika kitu asichoweza kukipiga!

Ndogo, nikasema. Kwa mkono wake wa leo.

Katoboa mbele yangu, anapima, anapuliza, anakwangua. Kanipa na kichupa cha mafuta ya nazi. Kule watu wanaishi ndani ya AC, mbao hukauka ikapasuka, lazima aipake. Nikasema nitamwambia. Nina mengi ya kumwambia mtoto huyu, na hilo la mafuta ndilo pekee ninaloliweza.

Jumatatu, 18 Agosti

Safari kesho. Tangu asubuhi anapiga. Vidole vyote vinafika, hajinyooshi, havuji. Kapiga wimbo mzima bila kukosea na jirani Tahiya kamshangilia kutoka dirishani kwake. Nilifurahi, kweli nilifurahi, nikasahau. Nikakaa kitandani kuandika huku namsikiliza.

Sasa kaacha. Kaja mlangoni.

"Mama, hii itanibana nikikua?"

Ndiyo, nikamwambia. Upake mafuta.

Kavitazama vidole vyake, akaviweka tena juu ya matundu, kimoja kimoja.

"Basi ikinibana ntakuwa nsharudi. Ingekuwa nakaa sana ungenchukulia ile kubwa, si ndio?"

Naandika ili nisimtazame. Bado kasimama palepale, anasubiri.