Kombe Tulilolipokea Bila Mwanahawa

Jumamosi, Oktoba. Joto la kunata tangu asubuhi. Mawingu yamejaa upande wa bara, na mvua hainyeshi.

Leo chuo kimepokea kombe letu.

Anayekijua chuo chetu asingeamini. Hapa Jumapili saa moja asubuhi maktaba haina kiti kitupu. Ukimweleza mtu habari za mechi, anakujibu kwamba ana tesiti. Kwa miaka miwili sisi wa netiboli tumefanyia mazoezi kwenye maegesho ya magari nyuma ya maabara. Mistari tumeichora wenyewe kwa chokaa. Mhadhiri mmoja aliwahi kufungua dirisha akatuomba tupunguze filimbi, watu wanasoma. Watazamaji wetu walikuwa mlinzi wa geti na dada wa kantini, basi.

Leo ukumbi ulifurika. Watu ambao hawajawahi kuona hata mechi moja walivaa fulana za chuo, wakaimba, wakapiga ndoo. Mkuu wa chuo alisema tumethibitisha kuwa kitabu na mpira vinaweza kukaa nyumba moja. Ukumbi mzima ukasimama.

Mimi ndiye nahodha, kwa hiyo mimi ndiye niliyelinyanyua kombe. Nimetabasamu kwenye kila picha.

Sikustahili hata picha moja.

Mwanahawa alikuwa mfungaji wetu. Tulikutana wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, mimi mgeni kutoka Chalinze, yeye mtoto wa hapa hapa Dunda. Timu ilikuwa na watu watano na haikutimia saba. Yeye alizunguka mabweni, mlango kwa mlango, akiwabembeleza wasichana watoke kwenye vitabu saa moja tu. Wengi walimcheka. Aliporudi na wawili, tukawa timu. Ninaposikia watu wakisema leo chuo kina moyo wa michezo, mimi namwona yeye na ndara zake akigonga milango.

Darasani hakuwa mvivu. Takwimu tu ndizo zilizomshinda. Mwezi wa saba akapata marudio ya somo hilo, na ikawekwa wazi kwamba akianguka tena, au asipofika, anaondolewa chuoni.

Kisha tukaingia fainali. Siku ile ile ya mtihani wake wa marudio.

Mechi saa tano asubuhi kwenye uwanja wa shule moja kule Mapinga. Mtihani saa nane mchana, hapa chuoni. Na kanuni ya chuo inasema wazi kuwa mwenye marudio haruhusiwi kucheza. Ofisi ya wanafunzi ilinipa fomu ya kuthibitisha kwamba hakuna mchezaji wangu mwenye marudio.

Nikaweka saini.

Nataka niandike ukweli wote. Hakunilazimisha mtu. Mwanahawa mwenyewe alikuja chumbani kwangu jioni moja akaniuliza afanyeje. Nilimwambia hesabu ni rahisi, acheze nusu ya kwanza, bodaboda imsubiri, saa saba atakuwa ameshafika anakunywa maji. "Ukisema nicheze, nitacheza," akasema. Nikasema cheza.

Siku yenyewe mwamuzi alichelewa. Tulianza saa sita na nusu. Nusu ya kwanza ilipokwisha tulikuwa sawa kwa mabao, na Mwanahawa akaanza kuvua fulana ya mchezo. Nilimshika mkono. Nikamwomba robo moja tu, ya tatu, halafu aende. Aliangalia saa, akaangalia wenzake, akairudisha fulana. Katika robo ile alifunga kama aliyepagawa. Tuliongoza kwa mabao sita, na hayo ndiyo yaliyotupa kombe. Tumaini, wa mwaka wa kwanza, akaingia kumalizia.

Mwanahawa alipanda pikipiki na sare ya mchezo, begi mgongoni. Mvua ikawanasa maeneo ya Zinga, dereva akashindwa kuona mbele, wakasimama chini ya kibanda. Mlango wa mtihani hufungwa nusu saa baada ya kuanza. Alifika dakika chache baada ya hapo, miguu imejaa tope. Msimamizi alikuwa mtu mpole, nasikia, lakini alisema hana mamlaka.

Sisi wakati huo tulikuwa tunacheza muziki uwanjani.

Wiki mbili baadaye jina lake likatokea kwenye orodha ya walioondolewa. Alifungasha siku moja. Nilimsaidia kubeba godoro mpaka kwenye bajaji, na katika njia yote ile hakunitajia fomu, wala robo ya tatu. Nikajiambia amenisamehe. Nilijiambia hivyo kwa sababu ilinifaa.

Leo baada ya sherehe nilichukua medali yake, nikaenda Dunda.

Mama yake alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu kwa sauti iliyonyooka, akanipisha kwenye mkeka, akamwita Mwanahawa alete chai na mihogo. Aliniuliza habari za mama yangu Chalinze, za masomo, za joto la mabwenini. Mwanahawa alikaa kwenye kizingiti cha mlango. Amekonda. Siku hizi anafundisha tuisheni watoto wa jirani, akanambia, na akacheka kidogo aliposema ni hesabu.

Kisha mama akanishukuru. Alisema bila mimi mwanawe angekuwa mpweke pale chuoni. Akasema hata kuhusu mtihani wameshatulia, wamemwachia Mwenyezi Mungu.

"Mvua ni yake," akasema. "Tutamlaumu nani?"

Nikaelewa. Mwanahawa hakumwambia mama yake lolote. Nyumba nzima ilikuwa inaamini ni mvua.

Mwanahawa alinitazama na kutikisa kichwa, taratibu, mara moja. Nilimwona. Nilijua anachoniomba. Lakini nilikuwa na muhogo wa yule mama mkononi, na shukrani yake masikioni, nikaona nikinyamaza tena sitaweza kujiangalia.

"Mama, si mvua," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia acheze. Alitaka kuondoka mapema, nikamzuia. Na niliandika uongo ofisini ili aruhusiwe."

Mama aliacha kusuka. Alikaa hivyo, ukili umelala mapajani, anatazama uani. Baadaye akasogeza sahani karibu nami.

"Maliza chai yako, mwanangu. Chakula hakisusiwi," akasema. "Ukimaliza, uende."

Nilimaliza. Nilipomuaga aliitikia, kwa adabu ile ile, bila kuninyanyulia uso.

Mwanahawa alinisindikiza mpaka barabarani. Nilitegemea anitukane, na kwa kweli nilitamani. Alitembea hadi tulipofika penye lami, akasimama.

"Mama alikuwa ameshatulia," akaniambia. "Umesema ili upone wewe. Sasa mimi ndiye nitakayelala naye nyumba moja."

Nilitoa medali nikampa, kwa kuwa mikono yangu haikujua la kufanya. Aliishika, akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma. Halafu akanirudishia kwenye kiganja na kunikunja vidole.

"Mpe Tumaini. Yeye alimaliza mchezo."

Akageuka akarudi kwao.

Nimerudi bwenini na watu bado wanaimba kwenye korido. Wananigongea mlango nitoke. Nimewaambia ninaumwa.

Nimeandika barua kwa ofisi ya wanafunzi, ukurasa mmoja na nusu. Nimeeleza fomu ile na saini yangu, nimeeleza robo ya tatu, nimeomba shauri la Mwanahawa lisikilizwe upya. Huenda wasimrudishe, marudio ni marudio. Huenda kombe likachukuliwa na mimi nikasimamishwa. Wenzangu wa timu hawajui. Kesho alasiri, baada ya mazoezi, nitawasomea barua hii kabla mtu mwingine hajaisoma, na watakaonichukia watakuwa na haki. Jumatatu saa mbili nitakuwa mlangoni mwa ofisi. Ukurasa huu nitauweka mtandaoni nikishatoka mle ndani.

Ila kuna jambo linanisumbua kuliko adhabu yoyote. Kama leo mama yake angeendelea kuilaumu mvua, na Mwanahawa akaipokea medali akanikumbatia, je, ningeiandika barua hii?

Nadhani nisingeiandika.