Mpira wa Bibi Mahbuba na Kovu la Mzee Harub

Shaikha we! Mzee Harub katoka hapa kwetu sasa hivi, na bibi kamcheka usoni!

Unalijua lile kovu la kwenye paji lake? Kalitia bibi yangu. Bibi Mahbuba huyu huyu!

Mwaka 1968, hapa Maskati. Bibi kijana, katoka Unguja, anashona mipira ya ngozi kama alivyofunzwa na babake. Anashona vipande, anatia kibofu cha raba, mdomo anaufunga kwa ukanda, kisha anauloweka mpira kuona kama unavuta maji.

Harub alikuwa nahodha wa timu ya mpira. Kauchukua mpira wa bibi, kawaambia wenzake, "Nimeletewa kutoka Bombay. Mwanamke atajulia wapi kushona mpira?"

Mbele ya bibi mwenyewe, Shaikha! Kasema mbele yake!

Harub alipoagiza wa pili, bibi ule ukanda wa mdomoni hakuuficha ndani kama kawaida. Kaupiga fundo nje, gumu kama kokwa ya tende. Alijua ni nani katika timu nzima anapenda kupiga vichwa.

Mpira wa juu wa kwanza, Harub huyo, kichwa! Damu mpaka kifuani.

Kaja mlangoni na timu nzima, anafoka, "Umenipasua!"

"Mie? Si wa Bombay ule? Nenda kashtaki Bombay."

Wenzake wenyewe wakaangua kicheko.

Nimemuuliza bibi, hata kujuta hujuti?

"Nnajuta, mwanangu. Ningelipiga mafundo mawili."