Mto Tuliouchezea Ikoni

Ikoni, karibu na Moroni,
Ngazija.
23 Novemba 1997

Mama Mkubwa Zahia mpendwa,

Kwezi, Mama, na shikamoo ya huko kwenu Unguja pia. Natumai goti limepoa na usingizi unakujia. Sisi ni wazima wa mwili, alhamdulillahi, ingawa nyoyo za watu huku zimeinama.

Kwanza nikwambie kuwa ndoa ni tamu. Jioni Taoufik akirudi kutoka Moroni huwa na asmini mfukoni, zimepondeka kwa kubanwa kwenye teksi, nami nazipenda hivyo hivyo. Akicheka, nasahau nilichokuwa nakipika.

Unajua kwetu mume ndiye anayeingia nyumba ya mke. Mimi nimefanya kinyume. Tangu mapigano ya Septemba, serikali ilipoleta askari kuzima uasi kwetu Nzuwani, Mngazija kama Taoufik hana amani Mutsamudu, basi nyumba aliyonijengea mama yangu tumeifunga, nikamfuata mume kwa mama yake. Watu wamesema. Waache waseme, mume ni wangu.

Taoufik anafundisha watoto wenye ulemavu uani kwetu, nami namsaidia. Tuna mchezo tuliouanzia Mutsamudu, wa kuwafunza kwa nini mvua zimekuwa za kubahatisha na mito ya Nzuwani inakauka. Wote hukaa chini, kwa sababu wao ni miti, na mti hautembei. Hupokezana kifuu cha maji toka mwisho mmoja, ndio kijiji cha Patsy mlimani, hadi mwingine, ndio bahari. Nikisema mti umekatwa, mmoja anakunja mikono, na jirani zake wanajinyoosha kuziba pengo. Maji yanamwagika, mto unapungua. Echat, ambaye polio ilimlegeza miguu, ndiye bingwa: mikono yake ni mirefu na haitetemeki.

Lakini nilikosea, Mama. Kwetu maji huchotwa mtoni. Nilisahau kwamba Ngazija haina mto, watu wanakunywa mvua iliyokusanywa kwenye birika la saruji uani, na mwaka huu mvua imechelewa. Siku ya kwanza nikamwaga ndoo nzima. Jirani akaniambia juu ya ukuta, "Mnzuwani wee, mmetufukuza kwenu, sasa unatumalizia na maji?"

Anziza, mama yake Echat, akasimama. Alimbeba mwanawe mgongoni akaondoka. Kijana wake Soulé ni askari, alipelekwa Mutsamudu Septemba, na mpaka leo anashikiliwa huko na watu wa kwetu. Nilimwelewa, ila nililia. Akina mama wengine wakaanza kusitasita, nikaona darasa la mume wangu linavunjika kwa sababu yangu.

Tukaendelea na wachache, kwa mchanga mweusi badala ya maji. Dhoihir, asiyeona, akauliza, "Bibi harusi, mto unasikikaje?" Nikajaribu kuuiga kwa mdomo. Akasema hiyo ni sauti ya mbuzi anayekunywa, na Taoufik akacheka hadi akakaa chini.

Juzi Anziza akarudi. Echat mgongoni, mtungi mkononi. Akautua mbele yangu. "Ya birika letu. Huyu hanipi raha nyumbani, kila saa miti, miti. Chezeni. Na ukimwaga, Mnzuwani, utayalamba."

Tulicheza kwa maji. Mti mmoja ulipokatwa, Echat akanyoosha mkono, akakifikia kifuu, na hakuna tone lililoanguka. Kisha Anziza akamwendea Dhoihir, akainamisha mtungi juu ya sufuria, akayamimina polepole karibu na sikio lake, muda mrefu, mpaka uso wa mtoto ukafunguka.

Halafu akaniuliza bila kunitazama, "Huko aliko Soulé, anausikia mto wenu?"

Nikamwambia umepungua, lakini usiku mji ukitulia bado unasikika. Akaitikia kwa kichwa, akayarudisha maji mtungini.

Mwombee Soulé, Mama, unapomaliza sala. Ombea na mvua.

Nisalimie Baba Mkubwa Toihir, binamu Ikrame na mwanawe mchanga. Taoufik anakubusu mkono. Mungu akutunze, na atupe siku ya kukukaribisha Mutsamudu, mlango ukiwa wazi na mume wangu ndani.

Mwanao akupendaye toka ng'ambo ya maji,
Nassima