Bango la Daktari Rehema

Fundi Bakari,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana siku hizi umeingiwa na kiburi, huitiki mtu.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, huku kisiwani, ng'ambo ya daraja. Mkeo, Bi Zuhura, amekaa ubavuni mwangu, macho ameyafumba, tasbihi inakwenda. Leo tunapewa jibu la ule uvimbe wa shingoni mwake. Yeye ana tasbihi, mimi sina pa kuiweka mikono, ndiyo nikaomba karatasi pale dirishani. Usicheke mwandiko. Herufi kubwa za bango nazichora kuliko mtu yeyote Kisauni nzima, na weye wajua. Hizi ndogondogo za barua ndizo zinanisumbua. Shule niliiacha kabla hatujazizoea.

Uvimbe wenyewe ulianza baada ya arubaini yako. Alikuwa akiuficha kwa mtandio. Siku nilipouona nikamtania, "Mama, umemeza kunazi nzima?" Hakucheka. Mkeo kutocheka! Hapo nikajua pana jambo.

Daktari wa zahanati akakata kinyama kidogo, akakitia kwenye kichupa chenye dawa ya kukihifadhi, akasema kipelekwe kwa daktari wa patholojia. Huyo hukupata kumjua, Fundi. Ndiye anayekitazama kinyama kwa darubini akasema ni saratani au si saratani. Mgonjwa mara nyingi hata hamwoni, lakini madaktari wengine wote wanalifuata neno lake. Akikosea yeye, wote wamekosea.

Sasa sikiliza.

Wiki ileile nilikuwa na kazi. Imefunguliwa maabara karibu na kibanda chetu, na mwenyewe ni bwana mmoja ananukia toka barabarani, mimi nimembandika jina Bwana Marashi. Akataka bango. Juu jina la maabara. Chini yake, "Daktari Rehema Charo, Bingwa wa Patholojia." Halafu hospitali anayofanyia kazi. Na chini kabisa, "Kadi zote za bima zinapokewa." Alinipa maneno yote kwenye karatasi.

Nikalichora, wallahi ungeona wivu. Herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Lakini mahali pa jina la daktari nilipaacha peupe, kwa sababu ya mdomo wako: "Kazungu weye, jina la mwenye cheo huliandiki mpaka ukione cheti chake kwa mato yako." Si unamkumbuka yule mzee wa mizizi aliyetaka tumwandikie "Daktari"? Ukamwandikia "Muuza Mizizi" kwa rangi nyekundu, akakufukuza na bakora mpaka kwenye duka la kinyozi. Mimi nilicheka nikakalia ndoo ya rangi. Suruali ile ninayo mpaka leo.

Basi nikamwomba Bwana Marashi anionyeshe cheti cha daktari na leseni ya mwaka huu. "Kesho." Kesho ikawa kesho kutwa. Mara daktari yuko safarini, mara cheti kiko kwa fundi wa fremu. Mara akanipigia kelele: "Wewe andika! Kwani unaandika hatimiliki ya shamba?"

Siku hiyo niko juu ya ngazi nanyoosha ukingo wa buluu, namwona mkeo anakuja, kichupa amekifunga kwenye pindo la leso. Akasimama chini yangu. "Mwanangu, nimeliona hili bango toka jana. Huu mkono naujua, ni mkono wa Bakari. Nikasema basi hapa ndipo. Bakari haandiki uongo."

Akaingia.

Fundi, brashi iliniponyoka. Mimi najisifu kwa mtu yeyote, lakini pale nilitamani mkono wangu ungekuwa mbaya, herufi zimepinda kama mkia wa mbuzi, mkeo apite zake.

Nikashuka, nikaingia na rangi yangu. Bwana Marashi keshakipokea kichupa, anamwambia mtandao wa bima umelala, kadi haipiti, atoe taslimu. Na bango langu hapo nje linasema kadi zote, rangi haijakauka!

Nikamwambia, "Nipe hicho kichupa."

Akanitazama toka viatu mpaka nywele. "Wewe mpaka rangi umesoma mpaka wapi?"

"Sikusoma. Lakini Daktari Rehema ni shangazi yangu. Nimpigie simu nimuulize amefika wapi na safari?"

Nikaitoa simu. Haina salio, na kioo kimepasuka. Shangazi! Mimi shangazi zangu wote wako Mwakirunge wanauza mihogo. Lakini nilimkazia macho, na yeye jasho likamtoka, marashi yakachacha mle ndani. Akakisukuma kichupa juu ya meza.

Usifikiri mkeo alinishukuru. Alinigombeza njia nzima. "Umenifedhehesha mbele za watu. Na kama yule bwana ni wa kweli?" Hapo nusura nigeuke nirudi. Kwa sababu sikuwa na hakika. Nimebeba kinyama cha mwanamke mgonjwa mfukoni, nimemtoa penye kipimo, na sababu yangu ni maneno ya marehemu na mahali peupe kwenye bango. Kama daktari kweli yuko safarini, basi mimi ndiye nimemchelewesha mama yetu. Daraja tulilivuka namwomba Mungu kwa sauti. Mimi! Waulize abiria wenzetu.

Tukaja hapa hapa, kwenye hospitali iliyoandikwa kwenye ile karatasi. Nikamuulizia Daktari Rehema Charo kwa karani wa dirishani. "Wewe nani wake?" Uongo nilishauzoea: "Mpwawe."

Akatoka mama mfupi, koti jeupe, miwani kapandisha utosini. "Yuko wapi huyo mpwa wangu? Mimi wapwa zangu wanaoga."

Nikampa karatasi ya Bwana Marashi. Akashusha miwani, akasoma. Kicheko kikamwisha. "Jina ni langu. Hospitali ndiyo hii. Lakini huko Kisauni sijapata kutia mguu."

Mkeo aliketi chini palepale, Fundi, kwenye sakafu.

Na kwa kuwa ulinilea vibaya, nikamwomba na yeye cheti chake. Bi Zuhura akanifinya mpaka nikaona nyota. Daktari akatuingiza ofisini, vyote viko ukutani: cha udaktari, cha ubingwa, na leseni ya mwaka huu. Nikafuata kwa kidole. Kizungu chote sikukielewa, ila jina nililiona, na mwaka niliuona. Akasema, "Wagonjwa wangu wote, hakuna aliyewahi kuniuliza." Kadi ya bima ikapita dirishani bila maneno, kichupa akakichukua kwa mkono wake, tukaambiwa tusubiri. Tangu siku ile sijalala vizuri, na mkeo anapika chakula lakini hakili.

Wanaita jina lake. Ngoja.

*

Naendelea nikiwa kibandani.

Si saratani.

Si saratani, Fundi. Ni kifua kikuu cha tezi. Kina dawa, za kumezwa kila siku kwa miezi, asiruke hata moja, na atapona. Daktari Rehema alitueleza mwenyewe, polepole. Mkeo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kifua kikuu, shingoni? Kimepotea njia?" Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nikatoka nikasema naenda chooni. Sikwenda chooni.

Daktari alilipeleka suala la jina lake kwa wakubwa wa madaktari, na ile maabara sasa ina kufuli mlangoni. Bango nimelipaka rangi nyeupe lote. Roho iliniuma kwa zile herufi, usinifanye mtakatifu.

Sasa jambo lako. Wazee wa mtaa wamenipa kibao cha kaburi lako nikichore, wanataka niandike "Bakari, Fundi Mkuu wa Kisauni." Leo tukirudi nimemwambia mkeo nitaandika jina tu. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Fundi Mkuu? Cheti chake kiko wapi?"

Alicheka, Fundi. Alicheka njiani mpaka akanishika bega. Tangu uende sijaisikia sauti ile.

Basi jina lako litakaa peke yake, kwa buluu ile uliyokuwa ukininyima. Na dawa zake nitazisimamia mimi, kila asubuhi kabla sijagusa brashi, akinuna anune. Akiruka siku moja nakuja kumsemea kwako.

Pumzika, baba. Shikamoo tena. Hii ya mwisho usiitike, maana ukiitika natupa ngazi nakimbia.

Ni mimi,
Kazungu wako