Yai la Ghizlan Katika Birika la Shala

Mtaa wa Akkari,
Rabat.
Jumatatu, 11 Aprili 1994

Mpendwa mpwa wangu Ghizlan,

Salamu zangu zikukute hapo hospitali, zikukalie kitandani kabla daktari hajazifukuza. Vipi mgongo? Miguu imepungua kuvimba? Na Abdesalam mumeo, anakula, au anaishi kwa kahawa tu?

Mimi mzima. Meno yamebaki saba lakini yanafanya kazi ya thelathini. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mwandishi wa sokoni alitaka kunisaidia, nikamwambia aende akasaidie wasiojua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimba mbili zimekutoka, huyu wa tatu ana miezi saba, na umekatazwa hata kusimama. Ukaniomba niwatupie yai mikunga wa Shala, wale samaki warefu kama nyoka, kama marehemu mama yako alivyofanya kabla hujazaliwa, kwa kuwa huku mimi ndiye damu yako niliyebaki. Ukamalizia: "Uniambie kweli, mjomba, usinipambie." Hilo limeniuma, lakini nimelimeza. Najua nikisimulia samaki huwa anakua.

Jana nikaenda. Bustani ile ya magofu ya Shala nimeimwagilia miaka thelathini na moja, michungwa yote ya upande wa makaburi inanijua. Mlinzi mpya langoni akanidai tiketi!

"Kijana," nikamwambia, "mimi naingia hapa tangu baba yako hajaota ndevu."

"Basi mzee unajua pa kulipia."

Nikalipa. Usimwambie mtu.

Nikapita mawe ya Warumi, nikawasomea Fatiha sultani na mkewe waliozikwa humo, nikateremka birikani. Wanawake kama kumi, mwanamume peke yangu. Nikanunua yai la kuchemsha kwa Bi Mina, muuza mayai wa pale, na kama kawaida akanifungia na chumvi na bizari kwenye karatasi, maana wengine hununua ya kula. Nikaketi ukingoni, nikalimenya. Mkono wangu, kwa mazoea ya miaka sabini, ukalinyunyizia chumvi, ukalitia bizari, nikataja jina lako, nikalitupa.

Ghizlan, zikapigwa kelele!

"Chumvi! Babu katia chumvi!"

"Unawafukuza wenye maji, wewe mzee!"

"Anadhani yuko mgahawani!"

Nikataka kubisha, lakini walisema kweli. Chumvi huwafukuza pepo wasioonekana wenye birika, hilo nalijua tangu utotoni. Nikatazama majini. Mikunga wote wamerudi kwenye matundu ya mawe. Yai lako chini, peke yake, na moyo wangu ukawa chini pamoja nalo.

Kando yangu alikuwapo mwanamke kijana, Najat, katoka Khemisset kwa basi. Miaka tisa ya ndoa, hana mtoto, na mama mkwe kamwambia safari hii ndiyo ya mwisho.

"Baba, umenifungia mlango," akasema. Hakupiga kelele.

"Ondoka mzee, tuachie maji yetu," wakasema wengine.

Sikuondoka. Nikapandisha suruali, nikaingia majini mpaka magotini, baridi kama kisu, nikalitoa lile yai. Nikanawa mikono kwa mtungi wa Bi Mina mara tatu. Nikanunua mayai mawili, lako na la Najat. Tukakaa. Saa moja, saa mbili, maji matupu. Jua likawa limefika kwenye kuta za makaburi, mlinzi akapuliza filimbi ya kufunga.

"Puliza mpaka mashavu yapasuke!" nikamjibu.

"Tutupe pamoja, baba," akasema Najat.

Tukataja majina, tukatupa. Mayai yakagongana, yakabingirika chini. Hakuna kitu. Filimbi ya pili. Ndipo akatoka yule mkubwa wa kijivu, taratibu, akazunguka, akameza moja, akarudi tunduni. La pili likabaki.

Nikamtazama Najat. Naye akatazama lile lililobaki.

"Lililoliwa ni lako, baba. Mpelekee habari."

"Umejuaje? Yote meupe!"

"Nimeona," akasema, akajifunga kitambaa, akapanda ngazi mbiombio nisije nikabisha.

Umetaka kweli. Yai moja limeliwa, na mimi sikuona ni la nani. Yeye kasema ni lako. Mtoto hutolewa na Mungu, si samaki, hilo lishike. Lakini lala, mpwa wangu, usisimame.

Ijumaa narudi na yai moja, nitaje jina la Najat. Chumvi nitamwachia Bi Mina.

Nisalimie Abdesalam, na mama yake Lalla Tamu akuangalie vizuri. Mungu akuvushe salama, akuweke huyo mtoto kifuani. Na ukimwombea mwanao, mtaje na yule wa Khemisset.

Wako akupendaye, asiyekupamba,
Mjomba Jilali