Nestori Hayuko Columbus

Bibi Irene,

Kwetu marehemu hasemwi vibaya. Basi mimi sikusemi, nakwambia wewe mwenyewe. Nimekasirika, na kufa kwako hakujanipunguzia hasira hata kidogo.

Nyumba yako ya Amherst imeuzwa. Binti yako alikuja kutoka Kanada, akafungasha vitu, akanipa riwaya yako ya mwisho, iliyotoka ukiwa umeshazikwa. Alisema ulitaka niwe wa kwanza kuipata. Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Niliisoma ndani ya gari huko Lackawanna, ninakomhudumia mzee mwingine sasa.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuosha nywele jikoni, kwa kuwa bafuni ulisikia baridi? Hapo ndipo tulipozungumza. Ulinisimulia utoto wako kwenye tambarare za Kanada, baba yako mfanyakazi wa reli, theluji inayofika madirishani, na jinsi ulivyoandika riwaya ya kwanza huku unanyonyesha, kalamu mkono huu, mtoto mkono huu. Nami nikakusimulia habari za Nestori, mdogo wangu, aliyetuponyoka tukikimbia kutoka Burundi, mwili unawaka homa, tusimwone tena. Nilikwambia tulivyomwondolea matanga kambini Tanzania bila maiti: Mama akanyoa nywele, akapika, akalisha majirani, akasema sasa basi, akashika jembe. Matanga yakishaondolewa hayarudishwi. Ukanishika mkono wenye povu, ukasema, "Hii ni yenu, siigusi."

Umeigusa. Hata jina hukubadilisha. Hata sikio lake lililong'atwa na mbwa umelitia. Halafu ukamkuza, ukamleta Marekani, ukampa kazi ghalani Columbus, na ukurasa wa mwisho mama yake anabisha mlangoni kwake. Najua kwa nini. Ulizoea kusema msomaji hapaswi kuachwa gizani. Msomaji! Na Mama je?

Mama yuko Louisville, Highview, kwa kaka yangu. Hajui riwaya ni kitu gani. Vitabu anavyovijua ni Biblia na kitabu cha nyimbo, na vyote viwili havidanganyi. Binti wa jirani yao Mkongo alikiazima kitabu chako maktaba, akamsomea mama yake, naye akaja mbio kwa Mama: "Mama Adela, mutoto yako iko muzima, bon, iko Columbus, bameandika."

Mama akapanda gari la kwaya ya kanisa lao hadi Columbus. Alisimama mlangoni pa kanisa la Warundi, akiwatazama wanaume masikio. Wapo waliomcheka. Mmoja aliinamisha kichwa, akamwacha apapase mpaka aridhike, kisha akamsindikiza garini. Huyo nikimjua nitamshukuru.

Sasa Mama hasemi tena marehemu Nestori. Anamnunulia soksi. Kaka akimwambia ni hadithi tu ya kutungwa, anajibu kwamba mzungu hawezi kuandika jina la mtoto asiyemjua. Jana alinipigia simu. "Wewe ulikuwa unaishi naye," akasema. "Alimwona wapi?"

Ungekuwa hai ningekuburuta mpaka Highview umjibu mwenyewe. Umekufa, umeniachia mimi. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nakukumbuka. Nikitengeneza chai bado natoa vikombe viwili, halafu natukana peke yangu.

Haya, nakuahidi. Jumamosi naenda Louisville. Nitamkalisha Mama chini, nimwambie kwamba hukumwona popote, ulimtunga, na kwamba mwanawe amekufa. Atalia upya, nitakaa naye. Kisha, hata kama matanga hayarudishwi, tutanyoa na kupika, na kulisha majirani, yule Mkongo awe wa kwanza kualikwa.

Kwaheri, Bibi Irene. Kama huko mnaonana, mtafute wewe. Bado ni mtoto wa miaka minne. Usimwandike chochote. Mshike mkono tu.

Adela