Filimbi ya mtani wangu

Adija uko wapi? Nimejifungia chooni hapa uwanjani Lindi.

Kocha Sixbert karudia. Maneno yale yale ya mwaka alionifukuza klabuni. Kashika maiki kabla ya mechi, mama yangu kakaa mbele kabisa anamsikia, kocha anasema Mmakonde kama mimi ukimpa raketi atakuchongea kinyago. Siku hizi tenisi ndiyo kazi yangu, na bado anasema. Halafu akamalizia, "Utani tu jamani, mimi Mngoni, mtani wake."

Utani tu. Mwaka ule nililia mpaka nikaumwa, kwa utani tu.

Basi nikaingia kucheza na Zakia, yule ambaye Sixbert alimpa nafasi yangu klabuni. Sita bila, sita bila. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Nikamfuata Sixbert mbele za watu, nikamvua filimbi shingoni. Ile ile aliyonipulizia nitoke. Nikamwambia, "Mtani, hii naondoka nayo." Watu hoi kwa kicheko. Unajua mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa, kwa hiyo akabaki anachekacheka, macho mekundu.

Sasa hivi kanitumia meseji: "Fortunata, ule wa filimbi si ulikuwa utani?"

Nimemjibu, "Hapana."